Wiki nzima nachambua posti, nalipwa bei ya chipsi kavu

Jana nimefungua steshenari saa moja na nusu asubuhi, umeme hamna, mashine ya fotokopi imelala, mteja wa kwanza mtoto wa shule anataka kaunta buku ya kwaya mbili na kanilipa kwa sarafu tupu nikahesabu mpaka mkono ukanuka chuma. Baada ya hapo kimya. Nikachukua simu nikafungua Hive, ule mtandao wa kuandika na kupigiana kura, nakuta pawa yangu ya kura ipo asilimia 100 kamili, nikajilaumu kweli, maana ikishafika mia haipandi tena, ni kama simtanki limejaa na bomba umeliacha wazi, maji yanamwagika uani na we umelala zako. Kwa sisi tunaofanya hii kazi hiyo ni hasara. Ntawaambia ni hasara ya shilingi ngapi, mtacheka, lakini hasara ni hasara.

Swali ninaloulizwa kila nikikaa na watu ni lile lile, eti kaka ni kweli unalipwa kwa kulaiki vitu vya watu? Jibu langu siku zote ni ndio, af nikianza kueleza vizuri mtu anaanza kuangalia saa. Leo sina wa kuangalia saa mbele yangu kwaiyo naeleza yote.

Hive ni blokucheni, daftari lile la pamoja ambalo kila mtu ana nakala yake na hamna anayeweza kufuta, ila hili halikutengenezwa kwa ajili ya kutumiana hela peke yake, watu wanaandika humo ndani, makala, picha, mapishi, safari, umbea. Kila sekunde 3 unaingia ukurasa mpya. Na kila siku mfumo wenyewe unazalisha sarafu mpya za HIVE, asilimia 65 ya hizo mpya zinaenda kwenye chungu kimoja cha kuwalipa wanaoandika na wanaochagua. Ukiandika posti inakaa siku saba inapigiwa kura, siku ya saba inalipa, nusu anachukua mwandishi, nusu inagawanywa kwa waliompigia kura. Hiyo nusu ya pili ndo chakula chetu sisi wasomaji. Wazungu wana jina lao la kistaarabu kwa hii kazi, curation, kama vile tunapanga makumbusho, mi naita kuchambua.

Sasa watu wengi hapa ndo wanaingia mtaroni. Wanadhani kura ni kama ya serikali ya mtaa, we moja na mwenyekiti moja. Sio hivyo kabisa. Kura inapimwa kwa Hive Power, yani zile HIVE zako ulizozifunga ndani ya akaunti huwezi kuzitoa kirahisi, ukifunga nyingi kura yako nzito, ukifunga kidogo kura yako ni kikohozi. Humo ndani wamepangana kwa majina ya viumbe wa majini, juu kabisa wapo nyangumi, chini yao nyangumi wauaji, af pomboo, halafu ndo tunakuja sisi vidagaa. Na mi nimezaliwa Mwanza, mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba mpaka leo, kwaiyo siku nilipopanda daraja mfumo ukaniambia hongera sasa we ni dagaa nilicheka peke yangu dukani kama chizi.

Mama ndo mtu pekee aliyewahi kuniuliza swali la maana kuhusu hii kitu. Nilikuwa nimeenda kumsaidia Mwaloni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ungo mapajani, vidole vinaenda vyenyewe hata haangalii, furu pembeni, vijiwe pembeni, dagaa waliokatika vichwa kwenye beseni lao. Dagaa wa kuanikwa mchangani hao, wale wa kwenye chanja hawana kazi kubwa namna hiyo na bei yao pia sio hii. Mi nimeshika simu.

"We baba, kila nikikuangalia upo kwenye simu. Umepata mchumba?"

"Hamna mama, nipo kazini. Nachambua maandishi ya watu, mazuri nayapigia kura, af nalipwa."

"Nani anakulipa?"

"Mtandao."

"Mwenye huo mtandao nani?"

Nikakwama hapo. "Hauna mwenyewe, mama."

Akaniangalia. Akanyanyua ungo akapepeta mara mbili, vumbi likanijia usoni. "Kazi haina mwenyewe na inalipa. Haya. Wanakulipa shilingi ngapi kwa gunia?"

Nilinyamaza maana sikuwahi kuipiga hiyo hesabu kwa gunia, nimerudi nyumbani nikaipiga. Nina Hive Power kama 1,500. Kura moja ya nguvu zote inakula asilimia 2 ya pawa yako, na pawa inajirudisha asilimia 20 kwa siku, kwaiyo unapata kura kumi kamili kila siku, ukitaka zaidi unazipiga nusu nusu. HIVE ikiwa senti 30 za dola kura yangu kamili ilikuwa na thamani ya senti mbili na chenji kidogo. Senti. Nusu yake ya mwandishi, nusu yangu, yani senti moja. Mara kumi, mara siku saba, inakuja HIVE mbili na nusu hivi kwa wiki, ukibadilisha ni kama elfu mbili ya Kitanzania. Chipsi kavu. Na hapo nimesema senti 30, sa hivi ipo chini ya hapo, kwaiyo toa kachumbari.

Na usidhani unasoma posti kumi tu upate hizo kumi za kupigia kura. Mi kupata kumi nzuri nafungua thelathini, arobaini, nyingine naachia aya ya pili, nyingine nasoma mpaka mwisho naona hamna kitu nasonya. Bando la wiki peke yake linaila hiyo elfu mbili na kuniacha na deni. Niliporudi kumpa mama jibu lake aliniuliza tena, sasa kwa nini hukai dukani? Nipo dukani mama. Basi kwa nini hufanyi zote mbili? Nafanya zote mbili mama. Akasema sawa.

Af kuna jingine, hayo malipo ya kura hayaji kama hela ya kutoa. Mwandishi yeye nusu anapewa HBD, ile sarafu yao iliyofungwa na dola, hiyo anaweza kuuza leo leo. Mchambuaji analipwa Hive Power peke yake, imeshafungwa tayari, ukiitaka mkononi inabidi ushushe pawa, na kushusha ni wiki 13, kila wiki inatoka sehemu moja ya kumi na tatu, kama unamdai mtu asiyetaka kulipa. Ikitoka unaipeleka kwenye soko la sarafu, unamtafuta mtu wa kununua, anakutumia kwa simu, mwenye kukata anakata. Ukitaka kula leo kwa kura zako za leo tafuta kazi nyingine tu, kuna wengine hapa Mwanza wanauza vocha wana maisha mazuri.

Mi niliingia Januari 2018, na niliingia kwa tamaa, siwezi kudanganya. Enzi hizo haukuwepo Hive, ilikuwepo Steem, na mlango wake ulikuwa Steemit, walioanzisha ni Ned Scott na Dan Larimer mwaka 2016, Julai 4 ya mwaka huo ndo watu walilipwa kwa mara ya kwanza. Mi nilikuwa hosteli, mwenzangu wa chumba kaniamsha usiku ananionyesha sarafu yake, STEEM, imevuka dola 8. Dola nane! Tukakaa kitandani na kikokotoo tunahesabu tutakuwa matajiri mwezi wa ngapi. Mwaka haujaisha bei ipo chini ya nusu dola, na Novemba ile ile kampuni ya Steemit ikatangaza inapunguza asilimia 70 ya wafanyakazi wake. Mwenzangu alifuta programu kwenye simu na hajawahi kuitaja tena mpaka leo, na mi simkumbushi.

Mi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshajua mchezo wa dakika. Huu nauelezea kwa raha maana haupo tena. Zamani aliyepiga kura mapema kabla ya wengine alikuwa anapata zaidi, posti ikija kupendwa na nyangumi baadaye we uliyetangulia unavuna, lakini wakaweka mtego, ukipiga kabla ya dakika 30 sehemu ya malipo yako unanyang'anywa, na ukiwahi zaidi unanyang'anywa zaidi. Kwaiyo watu tulikuwa tunakaa tunaviziana. Posti ya mtu maarufu imetoka saa mbili na dakika kumi, wote tunajua, wote kimya, unaangalia saa, dakika ya ishirini na tano hamna mtu, ya ishirini na sita anajitosa mmoja, af wanafuata kama nzi. Mi nilikuwa najitosa ya ishirini na saba. Nilikuwa na daftari, kweli kabisa, daftari la mistari nimeandika mwandishi gani wapiga kura wake wanakuja dakika ya ngapi. Kusoma hiyo posti sasa? Nani asome. Nilikuwa nasoma saa, sio posti.

Baadaye 2018 wakashusha hiyo dakika 30 mpaka 15, Agosti 2019 ikawa 5, na siku hiyo hiyo ya Agosti ndo wakabadilisha na mgao, zamani mwandishi alikuwa anachukua asilimia 75 sisi 25, ikawa nusu kwa nusu. Kelele za waandishi zilikuwa kubwa, na walikuwa na hoja, lakini mi naona ilisaidia, maana kabla ya hapo kulikuwa na boti za kuuza kura (boti za kompyuta, sio za uvuvi), unatuma hela inapiga kura kwenye takataka yako inapanda juu kabisa, na mwenye pawa kubwa hakuwa na sababu yoyote ya kusoma, anaikodisha pawa yake kwa boti anaenda kulala. Ilipokuwa nusu kwa nusu baadhi yao wakaona bora wachague wenyewe. Wakaongeza na kura za kushusha zenye chungu chake, kwaiyo kumshusha mwizi hakukupunguzii pawa ya kumpandisha mwema. Mwishowe Juni 30, 2021, hapo tumeshahamia Hive, wakaua mchezo wa dakika kabisa, ndani ya masaa 24 ya kwanza kura zote uzito sawa, ukichelewa zaidi ya hapo ndo unakatwa. Daftari langu nikafungia maandazi.

Kuhamia Hive napo ni hadithi ila sitaki kuirefusha. Februari 2020 Justin Sun, tajiri mwenye mtandao mwingine wa sarafu unaoitwa Tron, akainunua kampuni ya Steemit pamoja na lundo la STEEM ambalo kampuni ilijizalishia mwanzoni kabisa na iliahidi haitalitumia kupiga kura. Wasimamizi wa mtandao, wale wanaochaguliwa kwa kura za wenye STEEM, wakalifungia lile lundo. Akajibu mapigo, masoko makubwa ya sarafu yakatumia STEEM za wateja wao, hela za watu walioziweka pale kwa ajili ya kuuza na kununua, yakapiga nazo kura kuwatoa wasimamizi ishirini wa juu na kuweka wengine. Ukisoma hapo unaelewa kwa nini nasema kura ni pesa, sio macho. Machi 20, 2020 watu wakanakili daftari zima wakaanzisha lao, wakaliita Hive, kila aliyekuwa na STEEM akakuta ana HIVE idadi ile ile, isipokuwa lile lundo la kampuni na walioshirikiana nalo. Mi nililala na salio moja nikaamka na masalio mawili. La Steem niliuza, nikanunua feni.

Sasa aibu yangu.

Baada ya dakika kufa nikaona basi, kama wote tunalipwa sawa, kwa nini nijichoshe. Kuna huduma unaiambia mwandishi fulani akitoa posti mpigie kura yenyewe, we endelea na maisha. Nikapanga majina kama ishirini. Nikawa napata ile ile chipsi kavu bila kusoma hata neno moja, najiona mjanja. Imeenda miezi mitatu hivi. Siku moja nakuta komenti chini ya posti yangu mwenyewe, mtu mmoja ambaye tunaheshimiana humo ndani, ameandika kwa Kiingereza ila kwa Kiswahili ingekuwa hivi, ndugu yangu, kwani we hujui kwamba yule unayempa kura kila siku anakopi? Akaniwekea viungo. Nikafungua. Jamaa mmoja kwenye orodha yangu alikuwa anachukua makala za safari kutoka tovuti za utalii, anabadilisha maneno mawili matatu ya mwanzo, anaziweka kama kaenda yeye. Wiki moja yupo milimani, wiki ya pili yupo pwani ya nchi nyingine kabisa, na picha moja ilikuwa na alama ya tovuti kwenye kona hajaifuta hata. Yani ningefungua posti moja tu, MOJA, ningeona. Na jina langu lipo chini ya kila moja, asilimia mia, dakika chache baada ya kutoka, kwenye daftari ambalo halifutiki. Ukiingia leo utalikuta.

Nilizima ile huduma siku hiyo hiyo. Sijawahi kuiwasha tena. Wengi wazuri wanaitumia na siwalaumu, mtu ana watoto ana kazi, na waandishi wengine unawajua miaka mitano unajua hawakosei, lakini mi mwenyewe nishajijua, mi nikipewa kitu cha kunisaidia nisisome sisomi.

Na sa hivi ndo imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ya maandishi ya mashine. Zamani mwizi alikuwa anaiba sehemu fulani, unachukua sentensi moja unaitafuta unamkamata. Sa hivi posti nzima haijaibiwa popote na haijaandikwa na mtu. Mi nimejiwekea dalili zangu. Mtu kaandika kuhusu soko la kwao lakini hamna bei ya kitu chochote humo ndani, hamna mtu aliyemjibu vibaya, hakunyeshewa, hakupoteza chenji. Huyo hakwenda sokoni. Nampita tu, kura ya kushusha siipigi mpaka niwe na uhakika, maana nimewahi kumshutumu mama mmoja aliyekuwa anaandika kwa lugha yake anatafsiri kwa mashine, akaniandikia kwa upole kabisa na picha ya daftari lake la mkono. Niliomba msamaha hadharani. Kwaiyo polepole.

Kinachonikalisha ni posti kama ya yule jamaa wa Venezuela. Wavenezuela ni wengi sana humo, HBD chache kwao zilikuwa na maana kuliko mshahara wao, na wanaandika kwa Kihispania, mi natafsiri na simu inanipa Kiswahili cha ajabu mpaka natamani kukisoma kwa sauti. Huyu alikuwa anafufua feni ya meza iliyoungua koili. Ametoa waya wa shaba wa zamani taratibu, mzunguko kwa mzunguko, ili ajue ilikuwa mingapi, na kwa kuwa hakuwa na karatasi amehesabu kwa penseli ukutani, vijiti vitano vitano, vinne vimesimama cha tano kimelala. Kapiga picha ya ukuta. Katikati ya vijiti kuna sehemu vimekatwa kwa mstari mkubwa, chini kaandika hapa mke wangu aliniita nikasahau nikaanza upya. Nilicheka kwa sauti, mteja aliyekuwa anasubiri kulaminetiwa cheti akageuka. Ile posti ilikuwa na masaa kumi na moja, kura nne, senti sita. Nikampa asilimia mia na komenti ndefu kumwuliza waya unene gani, maana feni yangu ile niliyonunua kwa hela ya Steem nayo ilikuwa imeanza kunuka moshi. Alinijibu na mchoro. Feni inazunguka mpaka leo, ina kelele kidogo.

Kwaiyo ukiniuliza nalipwa nini nakosa pa kuanzia. Kile cha kwenye akaunti nishakisema. Watu wanaolipwa vizuri kwa kuchambua ni wale walioazimwa pawa, maana Hive Power unaweza kumwazima mtu akapigia kura bila kuwa na uwezo wa kuiuza, na ukiitaka unaikata inarudi baada ya siku tano. Kuna makundi ya wachambuaji yanafanya kazi hivyo, Curie lilianza enzi za Steem, OCD lipo, wanatafuta wadogo wasioonekana wanawapa kura nzito. Nyangumi anayejua hana muda wa kusoma anawaazima wenye muda. Huo ndo mpango wa maana kwangu mimi, mwenye hela aweke hela na mwenye macho aweke macho, lakini ni nyangumi wachache wenye moyo huo, wengi wanapigia kura posti zao wenyewe na za marafiki zao na siku imeisha.

Kuhusu sheria zetu, naulizwa pia. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi sio halali kutumika nchini, na hilo tangazo liliwatisha wengi, mi nikiwemo, nilikaa mwezi mzima sigusi. Af Juni 2021 Rais Samia akiwa hapa hapa Mwanza kwenye ufunguzi wa jengo la Benki Kuu akawaambia wajiandae na hizi sarafu wasije wakashtukizwa, mtaa mzima siku hiyo ukawa na wataalamu wa kripto. Tangu 2024 kuna kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Asilimia 3 ya chipsi kavu sijui ni vijiti vingapi.

Kama bado unataka kuingia, funguo zako ziandike kwenye karatasi, sio kwenye simu. Zipo tofauti tofauti, ya kupostia na kupigia kura ni moja, ya kuhamisha hela ni nyingine, usije ukampa mtu au tovuti yoyote hiyo ya pili kisa wamekwambia umeshinda kitu. Na usikodi pawa mwezi wa kwanza, soma tu, komenti kwa watu, wakujue.

Na ujue hii ya mwisho, maana ilinichukua muda kuielewa. Posti ikifika siku ya saba haijafika senti mbili za dola, hailipi. Sifuri. Sio kwamba inalipa kidogo, inalipa sifuri, mwandishi anakosa na we uliyempigia unakosa. Niliwahi kuwagawia wageni kumi kura za nusu nusu siku moja nikijiona mkarimu, senti moja moja, wote aliyewapigia ni mi peke yangu, wiki iliyofuata wote kumi sifuri. Nilikuwa nimetoa sadaka hewani. Bora ungempa mmoja.

Jana basi, na simtanki langu limejaa, nikakuta posti ya dada mmoja kutoka Nigeria, posti yake ya kwanza kabisa, anaeleza jinsi anavyotofautisha sindano za cherehani kwa kuzipitisha kwenye ulimi, ile iliyopinda kidogo ulimi unaihisi kabla ya jicho. Imekaa masaa tisa, sifuri sifuri. Nikampa mia yangu yote. Kwa bei ya sasa mia yangu inakuja dola 0.016, haitoshi. Nikawaandikia wenzangu wawili, mmoja yupo Mbeya, mwingine simjui hata anakaa wapi, nikawaambia someni hii, msipige kura kabla hamjasoma. Wa Mbeya alichukua dakika ishirini, kwaiyo amesoma. Yule mwingine kaja saa sita mchana na swali kuhusu uzi.

0.024. Umeme ukawa umerudi, kuna mtu amesimama mlangoni na kitambulisho cha NIDA anataka kopi mbili.